Hiari ya Kughairi: Haki za Mteja Anayelipia King'amuzi kwa Simu, Kilwa na Pwani ya Lindi

Kulipia king'amuzi ni kununua muda. Mteja hapewi kitu cha kushika mkononi. Hupewa ruhusa ya kutazama chaneli fulani kwa siku, wiki au mwezi, na muda ukiisha ruhusa hukatika. Kulipa tena ili ruhusa iendelee ndiko kuhuisha kifurushi. Kilwa Masoko, Kivinje, Somanga, Mchinga na Lindi mjini, malipo hayo hupita kwenye simu ya mkononi kwa njia tatu. Mtu hulipa mwenyewe kupitia menyu ya pesa, au humpigia mhudumu wa kampuni wakakubaliana kwa mdomo kabla ya kulipa, au humpa fedha wakala wa kibandani amlipie. Kwa njia zote hizo fedha huondoka ndani ya dakika chache. Lililo gumu ni safari ya kurudi: nani ana haki ya kughairi, kwa sababu gani, na hadi lini.

Mambo matatu huchanganywa katika mazungumzo ya kila siku, na yafaa yatenganishwe. La kwanza ni kusitisha, yaani kuacha kulipa kifurushi kijacho. Hapa Tanzania vifurushi vingi vya televisheni hulipwa kabla ya kutazamwa, kwa hiyo kusitisha hakuhitaji barua wala ruhusa, asiyelipa amesitisha. La pili ni kughairi, yaani kuyavunja makubaliano yaliyokwisha kufungwa, kifurushi kikiwa kimelipiwa tayari. La tatu ni kudai marejesho au fidia kwa sababu huduma ina kasoro au haikufika. Kusitisha ni rahisi, na kudai kwa sababu ya kasoro kuna msingi imara wa sheria. Ugumu uko katikati, kwenye kughairi, na huko ndiko wateja wengi hupoteza fedha kwa kutojua mpaka wa haki yao.

Televisheni ilivyogeuka kuwa mkataba

Zamani aliyekuwa na seti, umeme na antena juu ya mlingoti hakudaiwa chochote kila mwezi. Mambo yalibadilika usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia kwa kuanzia Dar es Salaam, miji mingine ikifuata kwa awamu. Tangu hapo picha ikawa inapitia king'amuzi, na king'amuzi kikaja na kadi, namba na kifurushi. Vijijini na visiwani, ambako mawimbi ya minara ya nchi kavu ni dhaifu au hayafiki, dishi la setilaiti ndilo lililoshika nafasi. DStv ilikuwapo, StarTimes ilikuja na antena na dishi, na Azam TV ilianza mwishoni mwa 2013. Nyumba ya makuti yenye dishi ukutani ni sura ya kawaida katika pwani hii.

Badiliko hilo halikuwa la mitambo peke yake. Mtazamaji aligeuka kuwa mteja mwenye mkataba, na mkataba huo hufungwa upya kila kifurushi kinapolipiwa. Mwezi Agosti 2018 watu walionjeshwa maana yake. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilisimamia sharti kwamba leseni za Azam, DStv na Zuku zilikuwa za televisheni ya kulipia, hazikuruhusu kubeba chaneli za kitaifa zinazotazamwa bila malipo. Chaneli hizo zikaondolewa. Aliyekuwa amelipia kifurushi akitegemea kuona taarifa ya habari ya chaneli aliyoizoea alijikuta na king'amuzi kinachowaka bila chaneli hiyo. Hapo ilidhihirika kwamba anayelipia kifurushi amefunga makubaliano yenye vipengele, na kipengele kimoja kinaweza kuondoka katikati ya muda.

Hiari katika mapokeo ya pwani

Wazo la kurudi nyuma baada ya kukubaliana lilikuwapo pwani hii kabla ya simu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wakifuata madhehebu ya Imamu Shafi, na fikihi ya madhehebu hayo imeendelea kusomeshwa kwenye misikiti na madrasa za pwani hadi leo. Katika mlango wa biashara, fikihi hiyo ina somo zima la hiari, yaani haki ya mnunuzi au muuzaji kuuvunja mkataba. Iko hiari ya kikao: wawili waliouziana wanaweza kughairi maadamu hawajaachana mahali walipokutana. Iko hiari ya sharti: wawili hukubaliana kwamba mmoja wao, au wote, atakuwa na muda wa kufikiri usiozidi siku tatu. Na iko hiari ya kasoro: mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo ndani ya kitu kabla hajakabidhiwa, ana haki ya kukirudisha.

Mfano wake ni wa mnadani. Mvuvi anauza kolekole, mnunuzi anampa mkono, wamekubaliana bei. Kabla hawajaachana mnunuzi anainua shavu la samaki, analiona limepauka, anamrudisha. Hakuna ugomvi, kwa kuwa kikao hakijavunjika.

Kifurushi cha televisheni hakifanani sana na samaki. Kinafanana zaidi na kukodi chumba au mashua, kwa sababu kinachouzwa ni manufaa ya muda. Wanazuoni wa Kishafi waliiona tofauti hiyo mapema. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kauli iliyotiliwa nguvu ni kwamba hiari ya kikao haimo katika ukodishaji. Hata hivyo, hiari ya kasoro imo: aliyekodi nyumba akaikuta inavuja kiasi cha kutokalika anaweza kuuvunja mkataba. Tofauti hiyo inaeleweka hata kwa asiyesoma fikihi. Samaki akirudishwa muuzaji anabaki na samaki wake, lakini siku iliyopita hairudishiki. Haki ya kughairi kwa kubadili nia tu ni nyembamba katika huduma za muda. Haki ya kughairi kwa kasoro ni pana. Sheria ya leo ya Tanzania, iliyotoka kwenye chimbuko jingine kabisa, imefikia karibu mahali hapo hapo.

Simu nayo imekwisha kujadiliwa na wanazuoni. Baraza la kimataifa la fikihi lilipokutana Jeddah mwezi Machi 1990 liliamua kwamba watu wanaofunga mkataba kwa simu kwa wakati mmoja, wakiwa mbali mbali, huhesabiwa kama waliohudhuria pamoja. Kwa hiyo mazungumzo yenyewe ndiyo kikao, na simu ikikatwa kikao kimevunjika.

Kikao cha sekunde chache

Yafaa tendo la kulipa litazamwe kwa karibu, maana ndani yake ndimo mteja anapopata au kupoteza nafasi ya kughairi. Mtu amekaa barazani Kivinje, mechi inaanza baada ya nusu saa, na kwenye kioo cha televisheni kuna maandishi kwamba kifurushi kimeisha. Anabonyeza *150*00# kama anatumia M-Pesa, au namba ya mtandao wake. Anachagua kulipa bili, anachagua kampuni, kisha anatakiwa kuingiza namba ya kadi. Namba hiyo imebandikwa chini ya king'amuzi kwa herufi ndogo, na hewa ya chumvi imekwisha kuila karatasi. Anasoma kutoka ukutani, ambako aliiandika kwa mkaa siku fundi alipofunga dishi. Ile tarakimu ya nne ni 1 au ni 7? Anaingiza kiasi. Menyu inamwonyesha jina la kampuni na fedha zitakazokatwa, na inamtaka aweke namba ya siri ili athibitishe.

Hapo ndipo ulipo mlango wa mwisho ulio wazi kabisa. Kabla ya namba ya siri, kughairi ni kubonyeza kitufe cha kukatisha, na hakuna anayedaiwa. Baada ya namba ya siri ujumbe wa uthibitisho unaingia, chaneli zinafunguka, na muda uliolipiwa unaanza kuhesabiwa. Menyu haimsubiri anayesitasita. Akichelewa, inajifunga na anaanza upya. Mnunuzi wa samaki alikuwa na nafasi ya kumgeuza samaki mara tatu. Mlipaji wa simu ana nafasi ya kusoma mistari miwili. Kusoma mistari hiyo miwili, namba na kiasi, kunamwokoa kuliko kifungu chochote cha sheria kitakachotajwa hapa.

Sheria inasemaje

Sheria inayogusa jambo hili moja kwa moja ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Sehemu yake ya kumlinda mlaji inamtaka muuzaji anayeuza kwa njia ya kielektroniki ajitambulishe, aeleze bidhaa au huduma na bei yake, na ampe mnunuzi nafasi ya kuupitia muamala wote, kurekebisha makosa na kujitoa kabla ya kuagiza. Sheria hiyo inampa mlaji pia siku 7 tangu makubaliano yafungwe, au muda mrefu zaidi kama makubaliano yenyewe yanautaja, kuyavunja makubaliano hayo. Siku hizo zina sharti: haki humfaa ambaye bado hajapata manufaa ya msingi kutokana na muamala.

Sharti hilo ndilo linaloamua mashauri mengi ya king'amuzi. Aliyelipia kifurushi Ijumaa, akatazama mechi ya Jumamosi na ya Jumapili, kisha Jumatatu akataka fedha zake kwa sababu hapendi tamthilia zilizomo, amekwisha kula manufaa. Siku 7 hazijaisha, lakini hoja yake ni dhaifu. Aliyelipia Ijumaa na king'amuzi chake hakikufunguka hata chaneli moja hadi Jumatatu hajapata manufaa yoyote, na hoja yake ina nguvu. Kwa hiyo anayetaka kughairi asiendelee kutazama huku akilalamika. Aseme mara moja, na asitumie anachokikataa.

Nyuma ya sheria hiyo iko Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayohusu makubaliano ya kila aina, yakiwemo ya mdomo kwenye simu. Kwa mujibu wake mkataba unahitaji ridhaa huru. Ridhaa ikipatikana kwa udanganyifu au kwa maelezo yasiyo ya kweli, mkataba hubatilika kwa hiari ya yule aliyedanganywa. Mhudumu akimwambia mteja kwamba kifurushi kina chaneli inayoonyesha Ligi Kuu na kumbe hakina, mteja hakuingia kwa ridhaa huru. Mambo ni tofauti kosa likiwa la mteja peke yake. Aliyedhani kifurushi cha chini kina mechi, bila kuambiwa hivyo na yeyote, hawezi kuuvunja mkataba kwa sababu tu alidhani vibaya.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mtu aliyelipwa fedha kwa makosa azirudishe. Kanuni hiyo humsaidia aliyekosea tarakimu ya kadi na kufungua televisheni ya mtu asiyemjua. Kampuni ikiarifiwa mapema, inaweza kuuhamishia muda huo kwenye kadi sahihi, na mara nyingi hilo ni rahisi kuliko kurudisha fedha. Siku zikipita, yule mwingine atakuwa amekwisha kutazama, na kitakachobaki cha kuhamisha kitakuwa kidogo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza wafanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bei, ubora au aina ya huduma. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zake za kumlinda mtumiaji, inawabana watoa huduma wenye leseni ya TCRA washughulikie malalamiko ya wateja wao.

Matukio manne na hukumu yake

Tukio la kwanza ni kulipia mapema. Mteja ana siku 5 zilizobaki, anapigiwa simu ya ofa, anakubali kuhuisha. Lazima aulize jambo moja kabla ya kulipa: siku 5 hizo zitaongezwa juu ya muda mpya, au zitafutwa? Akiahidiwa kwamba zitaongezwa na hazikuongezwa, ahadi hiyo ni sehemu ya makubaliano, na anaweza kudai siku zake au kughairi.

Tukio la pili ni kifurushi kisichofunguka. Mara nyingine dawa ni kuwasha king'amuzi na kukiacha kwenye chaneli fulani hadi kipokee ruhusa, au kuomba ruhusa itumwe upya. Mteja anapaswa kujaribu hayo na kutoa taarifa. Kama siku 3 zimepita bila picha, anaweza kudai siku 3 ziongezwe. Kama huduma haikuja kabisa, anadai fedha zote.

Tukio la tatu ni kukosa picha kwa sababu iliyo nje ya kampuni. Umeme ukikatika mtaani, mvua ya masika ikiziba mawimbi kwa saa moja, au dishi likipigwa na tawi la mnazi, kampuni haikuvunja ahadi. Mwezi Mei 2024 ulitoa mfano mkubwa. Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania tarehe 4 Mei, na mafuriko ya msimu huo yalikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga. Tarehe 12 Mei nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikakatika. Aliyekuwa akitazama kwa programu ya simu aliathirika, aliyekuwa akitazama kwa dishi hakuguswa na nyaya hizo. Katika hali kama hiyo sheria haimpi mteja haki ya wazi ya kurudishiwa fedha na mtu ambaye hakukosea, ingawa kampuni yenye busara inaweza kumwongezea siku.

Tukio la nne ni la mwenye kibanda umiza. Kifurushi cha nyumbani huuzwa kwa masharti ya kutazama nyumbani. Anayekilipia ili atoze kiingilio yuko nje ya masharti, na siku kifurushi kikikatika katikati ya fainali, hawezi kudai hasara ya viingilio. Anayefanya biashara hiyo anahitaji mkataba wa biashara.

Ushahidi na njia ya malalamiko

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika miamala ya simu daftari ni ujumbe wa uthibitisho. Ujumbe huo una namba ya muamala, tarehe, saa, kiasi na aliyelipwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inautambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo asiufute mtu kwa sababu simu imejaa. Anayelipiwa na wakala adai ujumbe huo urushwe kwenye simu yake papo hapo, la sivyo kumbukumbu yote itabaki kwenye simu ya mwingine. Kama makubaliano yalifanywa kwa mazungumzo, aandike jina alilojitaja mhudumu, saa, na maneno ya ahadi. Kampuni zinazorekodi simu za wateja zinashika taarifa zao binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mhusika haki ya kuzifikia taarifa zake.

Njia ya malalamiko ina ngazi. Ya kwanza ni kampuni yenyewe. Mteja apige, kisha afuatishe maandishi, iwe ujumbe mfupi au barua pepe, akitaja namba ya kadi, namba ya muamala na anachotaka: siku zake, kifurushi sahihi, au fedha. Neno "naghairi" litajwe wazi, maana lalamiko la jumla si kughairi. Kama kosa liko kwenye fedha zenyewe, kwa mfano zimekatwa mara mbili, anayeulizwa kwanza ni mtandao wa simu unaoendesha pesa hizo. Huduma hizo ziko chini ya usimamizi wa Benki Kuu, iliyotoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Kampuni ikikaa kimya au jibu lisiporidhisha, lalamiko hupelekwa TCRA. Asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka anaweza kwenda Baraza la Ushindani. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kuwasemea watumiaji. Kwa mkazi wa Songo Songo au Pande, umbali wa kwenda ofisini ni nauli inayoweza kuzidi bei ya kifurushi; ndiyo maana maandishi yanayotumwa kwa simu yana thamani kubwa huku kuliko mjini.

Mpaka unaofaa

Nchi nyingine zimeuchora mpaka huu kwa namna inayostahili kutazamwa. Uingereza, kwa kanuni zilizoanza kutumika Juni 2014, anayefunga mkataba wa huduma kwa simu ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Akiwa ameomba huduma ianze mara moja, haki hiyo haifutwi. Hulipia sehemu aliyoitumia tu. Tuseme kifurushi ni shilingi 30,000 kwa siku 30. Aliyeghairi baada ya siku 4 angelipa 4,000 na kurudishiwa 26,000. Muuzaji halali njaa, mnunuzi hafungwi na uamuzi wa haraka.

Tanzania ina siku 7 na sharti la manufaa, na sharti hilo halina kipimo cha siku kwa huduma inayoanza sekunde chache baada ya kulipwa. Kipimo cha kulipia kilichotumika kingelijaza pengo hilo kwa haki, na kinawezekana, kwa kuwa mitambo inayokata kifurushi kwa saa na dakika yake inajua vilevile siku ngapi zimebaki. Hadi hapo, mteja wa pwani hii anasimama juu ya misingi mitatu. Kabla ya namba ya siri ana hiari kamili. Baada yake, ana siku 7 maadamu hajatumia. Na penye kasoro au uongo, haki yake haifi kwa sababu amekwisha kulipa, mradi ameshika ujumbe wake na amesema mapema.